Leseni kwa wanafizikia tiba: cheti cha taaluma hakitoshi

Mwaka 1996, katika hospitali ya San Juan de Dios mjini San José, Costa Rica, chanzo kipya cha kobalti kiliwekwa kwenye mashine ya tiba ya mionzi, na aliyekipima akaichukua 0.3 ya dakika, yaani sekunde 18, kuwa sekunde 30. Kosa hilo likaingia katika hesabu za wagonjwa, na wagonjwa 115 wa saratani wakapigwa mionzi kupita kiasi walichoandikiwa. Mashine haikuwa na hitilafu. Kilichokosewa ni kipimo, na kipimo ni kazi ya mwanafizikia tiba, mtaalamu wa hospitali anayepima mionzi ya mashine na dozi za wagonjwa.

Je, mtu huyu awe na leseni ya serikali kama daktari na muuguzi? Nchini Marekani jibu linategemea jimbo. Texas, Florida, New York na Hawaii zinadai leseni. Kwingineko hutumika kanuni za jumla za mionzi, na hospitali hutegemea cheti cha Bodi ya Radiolojia ya Marekani, chombo cha taaluma na si cha serikali, ambayo tangu 2014 haimtahini mtu asiyepitia mafunzo ya vitendo yaliyoidhinishwa. Cha kushangaza, sheria ya taifa ya mwaka 1992 inataja sifa za mwanafizikia anayekagua mashine za kupiga picha za matiti, ilhali mashine za kuharakisha elektroni, zinazotumika kutibu saratani na zinazotoa dozi kubwa mno kuliko hizo, zimeachiwa majimbo.

Wapinzani wa leseni husema kwamba cheti kinatosha, kwamba anayehudumia hospitali za majimbo kadhaa atalipa ada na kujaza fomu zile zile mara nyingi, na kwamba hospitali za vijijini zitakosa watu. Hoja yao yenye uzito zaidi ni ya New York: sheria ya leseni ilikuwepo, lakini mwaka 2005 mgonjwa katika hospitali moja ya huko alitibiwa mara tatu huku vizuizi vinavyobana mwale wa mionzi vikiwa wazi kabisa, na dozi hiyo ikamwangamiza.

Ni kweli kwamba leseni haigundui kosa. Hata hivyo, bodi ya taaluma inaweza kufuta cheti tu. Haina mamlaka ya kumzuia mtu kufanya kazi katika jimbo lisilodai cheti hicho, na hapo ndipo ninapoona leseni haikwepeki. Tena, mwanafizikia mwenye leseni ya kulinda ana pa kusimamia anapoukatalia uongozi wa hospitali kuanza kutumia mashine ambayo hajamaliza kuipima.

Ugumu uko kwenye masharti. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki linapendekeza shahada ya uzamili pamoja na mafunzo ya hospitalini ya angalau miaka miwili. Kwa nchi kama Tanzania, ambako kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road ndiyo iliyokuwa kituo pekee cha tiba ya mionzi, kuyadai hayo kwa siku moja kungeweza kusimamisha matibabu yenyewe. Texas hutoa leseni ya muda kwa anayefanya kazi chini ya usimamizi, na njia hiyo inafaa kuigwa, mradi msimamizi awepo kweli na si kwenye karatasi.

Sheria ya namna hiyo idai pia kipimo cha pili kutoka nje ya hospitali. Tangu 1969 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, pamoja na Shirika la Afya Duniani, limekuwa likituma kwa posta vipima dozi vya kuhakiki mashine, na matokeo ya uhakiki huo yanastahili kuwa sharti la kuhuisha leseni.