Kabla Tope la Lamu Halijapanda Ndege

Mwaka 2018, Lamu iligawiwa dawa tatu kwa mpigo kupambana na matende na mabusha. Moja kati ya hizo, ivamektini, chimbuko lake ni bakteria aliyepatikana kwenye udongo wa Kawana huko Japani, karibu na uwanja wa gofu. Satoshi Ōmura wa Taasisi ya Kitasato ndiye aliyempata, William Campbell wa kampuni ya Merck, Marekani, akachunguza uwezo wake, na mwaka 2015 wote wawili wakatunukiwa Nobel.

Nobel ni yao, hongera zao. Mimi nauhusudu mkataba. Kitasato na Merck waliandikiana mwaka 1973, dawa yenyewe haijajulikana bado: huku watafute na kukuza bakteria, kule wajaribu tiba, na faida ikija kila upande upate fungu lake. Ilikuja. Mrabaha wa Kitasato ukasaidia kujenga hospitali Kitamoto, na tangu 1987 Merck imekuwa ikiitoa bure dawa hiyo kwa ugonjwa wa upofu wa mtoni. Yote hayo kwa sababu watu walikaa wakaandikiana mapema, na ndivyo ningependa iwe kwa watafiti wanaokuja kuchota tope la Lamu kutafuta bakteria wa namna hiyo.

Bakteria huyo ni wa ukoo wa aktinobakteria, na jamaa zake unawafahamu hata kama hujawahi kuwasikia. Ile harufu ya ardhi mvua ya kwanza inapoanguka ni yao: ni kemikali iitwayo jiosmini. Wengi wao huota kama nyuzi, ndiyo maana zamani wataalamu waliwadhania kuvu. Nao ni mafundi wa sumu. Sehemu kubwa ya antibiotiki za asili zinazojulikana imetokana na ukoo huu, hasa wale waitwao Streptomyces. Mwaka 1943 Albert Schatz, mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman kule Rutgers, alipata kwao streptomaisini, dawa ya kwanza iliyofaa kutibu kifua kikuu. (Nobel ya 1952 alipewa Waksman peke yake, na Schatz alikuwa ameshafika mahakamani kudai fungu lake. Mambo ya kugawana hayakuanza na sisi.) Cha ajabu, kijidudu cha kifua kikuu nacho ni wa ukoo uo huo.

Sasa kwa nini mtu atoke mbali aje kuchota tope la Lamu? Kwa sababu udongo wa nchi kavu ulichotwa miaka na miaka mpaka kampuni za dawa zikawa zinakutana na kemikali zile zile. Watafiti wakageukia kwingine: jangwani, kwenye matumbo ya mchwa, na chini ya bahari, ambako kwenye mchanga wa Bahamas walipata aktinobakteria wanaoitwa Salinispora, wasioota bila maji ya bahari.

Na Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Chini ya mkoko na mchu, ambao ni mkoko wa aina nyingine, hewa inaishia kwenye ngozi ya juu tu ya tope. Ukizamisha mguu unafika kwa bakteria wanaoishi bila oksijeni, wale wanaotoa ile harufu ya yai viza. Kaa wakichimba mashimo yao wanaingiza hewa chini, na pembeni mwa kila shimo panaota jamii nyingine ya vijidudu. Majani, mizizi iliyokufa na magamba ya kaa ni chakula kigumu. Aktinobakteria ni miongoni mwa wanaoweza kukimeng'enya. Maji yanajaa, maji yanatoka, chumvi inapanda na kushuka, na kila anayeishi humo lazima ashindane na jirani yake. Kwenye ushindani wa namna hiyo ndiko sumu zenye manufaa hutafutwa. Pale Gongoni, kaskazini ya Malindi, kwenye mashamba ya chumvi, kuna dunia nyingine kabisa ya vijidudu wapenda chumvi.

Ikitajwa barazani habari ya watafiti kuja kuchukua tope letu, nusu ya watu husema tunaibiwa, nusu husema ni tope tu, waacheni. Sikubaliani na yeyote. Wa pili wasome habari za maziwa yetu ya magadi: bakteria waliochukuliwa huko mwaka 1992 waliishia kutoa kimeng'enya cha kuchakaza jinzi, na ilipofika 2004 ndipo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likawa linadai fidia hadharani. Wa kwanza wajue kwamba sheria ipo. Kenya ina kanuni za mwaka 2006 zinazotaka kibali na ridhaa kabla ya kuchukua viumbe, na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida ya viumbe na nchi walikotoka, imekuwa na nguvu tangu 2014. Kinachokosekana ni mtu wa kuisoma sheria hiyo kwa Kiswahili kule Faza na Kizingitini, visiwani Lamu, mbele ya wakata boriti na kina mama wanaopanda mikoko.

Kuhusu pesa, mimi si mwenye ndoto. Kemikali nyingi zinazoua vijidudu huumiza na mgonjwa pia, zikafia maabara. Tena siku hizi tope si lazima lisafiri: husomwa DNA yake, maandishi yakaruka kwa intaneti, na bakteria wengi hawajakubali kuoteshwa na mtu yeyote. Ndiyo maana ninachotaka ni kitu kisichoruka. Nataka hazina ya bakteria hai hapa Pwani, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi au kwa watafiti wa bahari Mombasa, yenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, jenereta isiyosingiziwa kukosa dizeli, na vijana wa Lamu walioajiriwa kuwatunza. Mtafiti akishuka gatini na vichupa vyake tumkaribishe, tumpe mashua na mtu anayezijua njia za maji, kisha tumuulize sampuli ya pili inabaki wapi na matokeo atakuja kutusomea lini.