Miezi sita haijawahi kuponya goti

Majuzi ujumbe ulizunguka katika kundi la WhatsApp la timu moja ya soka ya Eastlands, na kama ilivyo kawaida ya Nairobi, kufikia jioni ulikuwa umewafikia watu ambao hawakuandikiwa. Kiungo wao, msichana wa miaka 19 aliyefanyiwa upasuaji wa ACL, ile kano iliyo ndani ya goti inayounganisha mfupa wa paja na wa muundi, alikuwa anatimiza miezi sita, na kocha akatangaza kwamba Jumapili yumo kikosini. Pongezi zikamiminika, dua nazo. Nilisoma hadi mwisho nikitafuta swali moja tu: paja lake lina nguvu kiasi gani? Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyeuliza hata kama goti bado linafura baada ya mazoezi.

Hasira yangu si kwa kocha yule. Anampenda mchezaji wake, na hiyo miezi sita aliirithi kwa waliomfundisha. Hasira yangu ni kwa mazoea yetu, kutoka uwanja wa soka wa Camp Toyoyo hadi ule wa raga wa RFUEA, ya kuiachia kalenda itoe ruhusa ambayo inapaswa kutolewa na mguu wenyewe.

Miezi ina kazi yake, nakubali. Ili kuziba nafasi ya ACL iliyokatika, daktari wa mifupa hutoa kano nyuma ya paja au mbele ya goti, akaipitisha katika mashimo aliyotoboa kwenye mfupa wa paja na ule wa muundi, akaikaza kwa skrubu au kwa kifungo kidogo. Ikitoka chumba cha upasuaji iko imara. Lakini imekatiwa damu yake, kwa hiyo chembe zake hufa, mishipa mipya ya damu huanza kuingia, na kano hujengwa upya kutoka ndani. Katikati ya ujenzi huo, kati ya wiki ya 6 na ya 12 hivi, ndipo inapokuwa dhaifu zaidi. Na ndicho kipindi ambacho mgonjwa ameweka magongo kando, maumivu yameisha, anapanda boda tena na kuruka mitaro ya maji ya mvua akienda stejini. Anajisikia amepona wakati ambapo kano yake haijawahi kuwa hafifu kiasi hicho. Kazi hiyo ya ndani huendelea mwaka mzima na zaidi. Ndiyo maana hata mwenye paja la kuogopwa akiniuliza kuhusu mechi za ushindani kabla ya mwezi wa tisa, jibu langu ni hapana.

Utafiti wa kundi la Delaware-Oslo, la watafiti wa Marekani na Norway, uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi kufikia wa tisa, ulipunguza kasi ya kuumia tena kwa asilimia 51. Waliofuatiliwa walikuwa 106, si wengi, na anayetaka kubisha atabishia hapo. Lakini yapo matokeo mengine ya utafiti uleule ambayo hapa kwetu hayatajwi kabisa. Miongoni mwa waliorudi uwanjani bila kufaulu vipimo, asilimia 38 waliumia goti tena. Waliofaulu, chini ya asilimia 6. Vipimo vyenyewe havihitaji hospitali ya kifahari, na kipimo kikuu ni nguvu ya msuli wa mbele wa paja.

Msuli huo huwa wa kwanza kupotea na wa mwisho kurudi. Goti likiwa na maji, hata kidogo, neva zake hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na msuli wa paja unazimwa kwa kiasi. Mtu anakaza kwa moyo wote na msuli unaitikia nusu. Kumpa mazoezi makali mtu ambaye goti lake limejaa ni kumchosha bure. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza zina shughuli mbili tu: kutoa uvimbe na kunyoosha goti hadi mwisho. Kisigino kiwekwe juu ya taulo lililoviringwa, chini ya goti pabaki wazi, dakika 10, mara nne hadi sita kwa siku. Ule mto ambao mama au shangazi huuweka chini ya goti kwa upendo, uondolewe. Unastarehesha, na unalifundisha goti kubaki limekunjwa. Goti lisiponyooka mapema, mtu huchechemea, na kovu linaweza kujaa mbele ya kiungo hadi arudishwe kwa upasuaji wa pili.

Maji ya goti unaweza kuyatambua ukiwa nyumbani. Lala umenyoosha mguu, paja limelegea. Kwa kiganja, pandisha upande wa ndani wa goti kuelekea pajani mara mbili au tatu. Kisha telezesha mkono upande wa nje kutoka juu kwenda chini, huku macho yakiwa kwenye kile kibonde kidogo kando ya pia ya goti, upande wa ndani. Ukiona wimbi dogo likirudi kujaza kibonde, maji yapo. Kwa tepu ya fundi cherehani, zungushia katikati ya pia ya goti asubuhi kabla ya mazoezi na asubuhi inayofuata. Sentimita moja zaidi maana yake jana ulizidisha, na leo unapunguza. Dawa za maumivu zinazomezwa ili mtu amalize mazoezi huficha dalili hii hii tunayoihitaji.

Baada ya hapo, uzito. Ninachokiona katika jimu zetu nyingi ni kamba za mpira na kuchuchumaa nusu, mara 15 kwa raundi tatu, bila mzigo, mwezi wa pili, wa tatu, hata wa saba. Msuli haukui hivyo. Unahitaji mzigo ambao ukifika mara ya 6 au ya 8 huwezi kuendelea sawasawa, raundi tatu au nne, pumziko la dakika mbili, siku mbili au tatu kwa wiki. Na uwe mguu mmoja mmoja. Ukichuchumaa kwa miguu yote miwili, mguu mzima hubeba sehemu ya mwenzake kimyakimya, na hata mkufunzi aliyesimama mbele yako haoni. Mashine ya kunyoosha goti ukiwa umeketi inaogopwa mno Nairobi. Kuogopa huko kuna chanzo: digrii 40 za mwisho kabla ya mguu kunyooka ndizo zinazoivuta kano mpya. Basi anza kati ya digrii 90 na 45 kwa mzigo unaoongezwa taratibu, na uongeze safari ya mguu kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, kwa makubaliano na fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, na daktari wako. Kuiacha mashine hiyo kabisa ndiko kunakotuletea wachezaji wa mwezi wa nane wenye paja moja la mwanariadha na jingine la mgonjwa.

Sasa upimaji. Klabu ambayo haiwezi kununua mashine za mamilioni inaweza kununua mizani ya kidijitali ya kuning'iniza, ile ya ndoano ambayo wafanyabiashara hupimia magunia. Fanya hivi, kuanzia mwezi wa nne. Mchezaji aketi juu ya meza nzito, goti limekunjwa digrii 90. Mkanda mpana uzungushwe juu kidogo ya kifundo cha mguu, uunganishwe na mizani, na mizani ifungwe kwa kamba au mnyororo kwenye mguu wa nyuma wa meza, kamba ikiwa imekaza na sambamba na sakafu. Mikono kifuani, makalio yasinyanyuke. Asukume mguu mbele kwa nguvu zote sekunde 5, mara tatu, pumziko la dakika moja kati ya kila moja. Chukua namba kubwa zaidi. Anza na mguu mzima. Mkanda ukae umbali uleule kutoka goti kwa miguu yote miwili, ukisogea sentimita chache tu namba zinakudanganya. Mguu mzima ukitoa kilo 48 na uliopasuliwa kilo 35, ni asilimia 73. Huyo anaweza kukimbia mbio nyepesi. Hawezi kucheza mechi, hata kama amefikisha mwaka. Anatakiwa kufika angalau kilo 43.2, yaani asilimia 90.

Kuna mtego hapa. Katika miezi ya kukaa, mguu mzima nao hudhoofika, na asilimia inapendeza kwa sababu kipimo chenyewe kimeshuka. Dawa yake ni kupima mguu mzima kabla ya upasuaji na kuitunza namba hiyo. Kati ya kuumia na kupasuliwa watu wengi hapa husubiri wiki nyingi au miezi, na muda huo hupita bure.

Mtego wa pili ni ule mruko wa mbele kwa mguu mmoja, ambao makocha wanaupenda kwa kuwa unahitaji tepu tu. Upimeni, lakini msiutegemee peke yake. Kuruka mbele husukumwa zaidi na nyonga na kifundo cha mguu, hivyo mtu mwenye paja dhaifu anaweza kufika umbali uleule. Anayejificha hapo hufichuliwa na mruko wa kwenda juu kwa mguu mmoja, na anavyotua: goti likikimbilia ndani, au akitua na mguu umekakamaa bila kukunja, bado.

Kukimbia kuanze baada ya mwezi wa tatu au wa nne, goti likiwa linanyooka kabisa, halina maji, paja limefika asilimia 70. Dakika moja mbio, dakika moja au mbili mwendo, mara 10, siku moja kisha pumziko la siku moja, kwenye uwanja tambarare. Msitu wa Karura ni pazuri kwa roho, lakini ile miteremko na mizizi iache hadi baadaye, kwa kuwa kuteremka ndiko kunakolibebesha paja zaidi.

Kosa linalonikera kuliko yote ni la mchezaji anayesema, "Acha nianze na ile ya watano kwa watano jioni, ni kujinyoosha tu." Kiwanja kidogo cha nyasi bandia ndicho kibaya kuliko vyote kwa goti lake. Nafasi ni finyu, kila baada ya hatua chache unasimama ghafla, unageuka, unazunguka na mpinzani mgongoni, na wachezaji ni wachache kiasi kwamba hupati pa kupumzikia. ACL nyingi hukatika bila mtu kuguswa: mguu umekwama chini, goti limekunjwa kidogo, mwili unageuka. Kiwanja hicho kinakuletea hali hiyo tena na tena kwa saa moja uliyolipia, umetoka kwenye foleni ya Jogoo Road na hujapasha misuli. Ukitaka kurudi taratibu, rudi kwa mazoezi ya timu bila kuguswa, kwenye uwanja mkubwa.

Nitaambiwa wachezaji wa Ulaya hurudi haraka. Wapo, na wengine hulipia. Virgil van Dijk, beki wa Liverpool, aliumia goti tarehe 17 Oktoba 2020, akaiacha Euro ya Juni 2021 akiwa nahodha wa Uholanzi, na mechi yake ya kwanza ya ligi ikawa Agosti 14, karibu miezi kumi baadaye. Huyo alikuwa na Liverpool nzima nyuma yake. Sisi tunataka msichana anayefanya mazoezi na mzigo wa kuazima arudi kabla ya Van Dijk.

Na ni vijana hawa ndio walio hatarini zaidi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2016 ulikuta kwamba kati ya walio chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni, asilimia 23 hukata ACL tena, ya mguu uleule au ya mguu wa pili.

Mengine kwa ufupi. Aliyeshonwa meniskasi, ile gegedu iliyo kati ya mifupa ya goti, pamoja na ACL ana masharti ya ziada, hasa kutochuchumaa chini na mzigo kwa miezi kadhaa, na asijilinganishe na mwenzake. Wa raga aliyetengenezwa bega asipimwe kwa kupiga pushapu tu. Kifundo kilichoteguka bila upasuaji nacho kipimwe: kunyanyuka kwa vidole vya mguu mmoja mara 25. Na mchezaji akisema anaogopa, asikilizwe, kwa sababu mara nyingi mguu umemwambia jambo ambalo ninyi hamjalipima.

Pesa zinaumiza, najua. Familia hufanya mchango, mchango wote unaishia kwenye upasuaji, na ya fizio inakosekana mwezi wa tatu, wakati mzigo ndio kwanza unapaswa kuongezeka. Tunapochanga, tuchange ya miezi tisa. Na pesa zikiwa chache, afadhali umwone fizio mara moja kila wiki mbili, akupime, akuandikie mzigo na idadi, ukafanye mwenyewe jimu ya mtaani, kuliko kwenda mara tatu kwa wiki kulazwa chini ya taa ya joto na kukandwa.

Akishafaulu vipimo na kumaliza wiki nne za mazoezi kamili ya kugusana bila goti kufura, dakika zihesabiwe: 20 mechi ya kwanza, kisha 30, 45, 60, na tepu izungushwe kila asubuhi inayofuata mechi. Ikiongezeka sentimita, mechi ijayo dakika hazipandi. Mazoezi ya mzigo yasiachwe kwa sababu amerudi kikosini, mara mbili kwa wiki msimu mzima. Na timu yote, pamoja na ambao hawajawahi kuumia, wafanye FIFA 11+, ile programu ya kupasha misuli ya kuzuia majeraha, kabla ya mazoezi, dakika 20, angalau mara mbili kwa wiki, huku kocha akisimama mbele na kuangalia magoti yao yanavyotua.