Kombora la kruzi linapiga palepale lilipotumwa, shida iko wapi sasa?

Wengi wakisikia kombora wanawaza kitu kinachopaa juu kabisa halafu kinashuka kama jiwe, hapana, hilo ni balistiki. Kruzi ni kama kindege kisicho na rubani, kina mabawa na injini inayowaka njia nzima na kinapita chinichini kukwepa rada.

Mjerumani ndo alianza na kombora lake la V-1, Juni 1944 akaanza kuzirusha London, zilikuwa zinanguruma mpaka watu wanazisikia, mlio ukikata ujue linashuka. Kulenga kwake sasa, puani kuna kipangaboi kidogo kinahesabu umbali basi, kwa hiyo lilitosha kupiga jiji, sio jengo.

Tomahawk, kruzi ya Marekani, ndo ikabadilisha mambo. Vita ya Ghuba 1991 Marekani walirusha karibu 290, kombora limebeba ramani ya ardhi ndani na linafananisha na milima na mabonde linayopita juu yake. Wanaolitetea wanasema hakuna rubani wa kutekwa na kuonyeshwa kwenye tivii, na bora lipigwe jengo moja kuliko kuchoma mji mzima kama vita ya pili ya dunia. Hoja nzito hiyo, siibezi.

Ila kumbuka Agosti 1998, balozi za Marekani Nairobi na Dar zimelipuliwa, siku 13 baadaye Tomahawk zikashukia kiwanda cha dawa cha Al-Shifa pale Khartoum, wakidai kinahusika na silaha za kemikali. Shabaha hazikukosea hata kidogo, ila ule ushahidi wenyewe ulikuja kutiliwa shaka sana, na dawa za watu na mifugo ndo zishateketea hivyo. Mi naona tatizo ni huo wepesi wa kubonyeza, maana rais akijua hakuna kijana wake atakayerudi kwenye jeneza anauliza maswali machache. Na bei nayo, Aprili 2017 Marekani walirusha Tomahawk 59 kwenye kambi ya ndege za kivita ya Shayrat kule Syria, kila moja zaidi ya dola milioni 1, na muda si mrefu ndege zikawa zinaruka tena kutoka palepale!

Halafu sio wakubwa tu wanaozitumia, Ukraine, isiyo na manowari za maana, Aprili 2022 ikaizamisha Moskva, manowari kubwa ya Urusi, kwa kombora zake za kruzi za Neptune kwenye Bahari Nyeusi, bahari ileile ambayo Urusi inarushia kruzi zake za Kalibr kupiga mitambo ya umeme ya Ukraine.