Sogeza injini kwanza, risasi baadaye

Ndege ya rimoti yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, huwa na pua fupi na mkia mzito. Ukiitazama Sopwith Camel, ndege ya kivita ya Vita vya Kwanza vya Dunia, utaelewa chanzo: injini yake nzito ilijazana mbele pamoja na rubani, mafuta na bunduki. Sisi tunaiga umbo, kisha tunaweka kijiinjini chepesi. Mkia lazima ushuke.

Dawa inayokimbiliwa ni kubandika risasi puani, yaani vipande vya ile metali nzito, si za bunduki. Naipinga, hasa kwa sisi wa Kampala. Tuko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Mombasa. Injini inapungua nguvu, na mabawa yanadai mwendo zaidi ili kubeba uzito uleule. Halafu uiongezee ndege mzigo usio na kazi?

Piga hesabu. Injini ya gramu 600 ukiisogeza mbele sentimita 2 tu, umepata mizani sawa na gramu 40 za risasi zilizowekwa sentimita 30 mbele ya kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapokaa sawa ukiiinua. Na ndege haijaongezeka hata gramu, ukiacha vile vipande vya alumini vya kujazia nafasi, ambavyo fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, atakukatia huku mnapiga soga. Betri nayo ipeleke mbele kabla hujagusa risasi. Pima tangi likiwa tupu, kwa sababu mafuta yako mbele ya kitovu, na yakiisha mkia unazidi kuwa mzito.

Wengi wanateleza kwenye pembe. Injini haifungwi ikitazama mbele moja kwa moja. Huelekezwa kulia kidogo, nyuzi 2 au 3, maana propela inayozunguka kwa mkondo wa saa, ukiitazama kutoka nyuma, huivuta pua kushoto. Sasa, kama propela iko sentimita 12 kutoka ubao wa injini (ule wa puani inapofungwa injini), nyuzi 2 zinaihamisha kama milimita 4 kulia. Ukiisogeza mpaka sentimita 14, inakaribia milimita 5. Kwa hiyo kitako cha injini kihamishwe kushoto kiasi hichohicho, la sivyo propela haitakaa katikati ya kava, lile ganda linalofunika injini. Nimeona watu wakinyoosha injini ili kava ipendeze. Wakipaa, ndege inawapinda kushoto, wanalaumu upepo wa ziwani!

Tangi nalo lisisahaulike. Injini isiyo na pampu haipendi kuvuta mafuta kutoka mbali, hivyo likisogezeka, lisogee pamoja na injini, katikati yake ikilingana na kabureta. Waya wa kabureta utahitaji kurefushwa. Hiyo ni kazi ya jioni moja.

Kisha jaribu angani. Panda wima kwa nguvu zote: ikipinda kushoto, ongeza washa (vile visahani vyembamba vyenye tundu) nyuma ya boliti za upande wa kushoto wa injini. Ikiruka sawa kwa mwendo wa kawaida lakini ukiongeza nguvu ya injini inainua pua yenyewe, washa ziende nyuma ya boliti za juu ili injini iiname kidogo. Kava ikigoma kufunga baada ya hapo, ikate.