Rip: Herufi Tatu Zinazotesa Mji Mzima

Jameni, hawa Waingereza walipokuwa wakigawa maneno, walichokea wapi? Nguo ikichanika, rip. Mtu akifa, RIP. Fundi akipasua mbao kwa urefu, rip. Muuza duka akikugonga bei, huyo amekurip. Kijana akitoka jimu na misuli imejichora kama ramani ya Eastlands, ati yuko ripped, yaani amechanika, na anafurahi. Hata bahari ina rip yake. Neno moja linafanyishwa kazi ya ukoo mzima, na sisi tulioletewa bila maelezo ndio tunaozungushwa na mafundi hapa Nairobi, kutoka Gikomba hadi River Road.

Chukua kundi la WhatsApp la matanga. Tangazo limewekwa alfajiri, na kabla chai haijachemka watu arobaini wameandika herufi tatu na kurudi kulala. Sawa, kila mtu na uwezo wake. Lakini simu ina kiherehere. Mwanzo wa sentensi inaweka herufi kubwa moja tu, kwa hiyo inatoka "Rip guka". Kwa Kiingereza hiyo si rambirambi, hiyo ni amri: mrarue babu! Watu arobaini wanaagiza mzee wa watu araruliwe, na mweka hazina anajibu, "Asanteni, namba ya mchango ni ile ile."

Herufi zenyewe ni za Kilatini: requiescat in pace, na apumzike kwa amani. Waingereza walibahatika tu kwamba rest in peace inaanza na herufi zile zile. Kwa hiyo anayeandika "RIP in peace" anamwombea marehemu amani mara mbili, labda kwa kuwa anamjua vizuri. Wakifariki wawili, Kilatini kinageuka kuwa requiescant, na ufupisho unabaki vile vile. Hakuna haja ya kuongeza s. Kiswahili kina poleni, kina Mungu ailaze roho yake mahali pema, kina makiwa. Ila ukiandika makiwa katika kundi la Nairobi, kuna mtu atauliza ni tunda gani hilo na linauzwa soko gani.

Sasa njoo kwenye suruali, maana huko ndiko neno hili linakokula pesa. Fundi anauliza, "Iko na shida gani, kastama?" Unajibu, "Iko na rip." Umemwambia nini? Kiswahili kiliyatenganisha haya zamani. Uzi wa mshono ukiachia, nguo imefumuka. Kitambaa chenyewe kikitengana, nguo imechanika, na kikitengana vibaya, imeraruka. Ya kufumuka ni kazi ya dakika tano. Ya kuchanika ni upasuaji. Ukisema rip, fundi anachagua bei ya upasuaji, na usimwite mwizi kwa kuwa ni wewe uliyempa nafasi.

Tuseme imefumuka pale pale, mahali ambapo kila suruali ya Nairobi hufumukia. Si laana. Mshono wa makalioni umepinda, na unavutwa kila ukichuchumaa au ukiinua mguu kupanda matatu yenye ngazi ya juu. Kitambaa kinanyumbuka kidogo, uzi wa mshono ulionyooka haunyumbuki, kwa hiyo uzi ndio unaokatika. Fundi mwenye haraka anarudishia mstari ule ule mmoja, na Ijumaa inayofuata umesimama kwenye foleni ya basi ukijifunika na bahasha. Mwambie afumue kwanza uzi uliolegea, sentimita 3 hivi kila upande, mpaka afike penye mshono mzima. Kisha apige mistari miwili iliyokaribiana, hatua za sindano ziwe fupi, milimita 2 mpaka 2.5, kwa uzi wa polista, si wa pamba. Na aivute nguo kidogo inapopita chini ya sindano, ili uzi upate akiba.

Chombo cha kufumulia mshono Waingereza wanakiita seam ripper, mrarua mshono, ilhali kazi yake yote ni kuhakikisha hakuna kinachoraruka! Fundi wa hapa anatumia wembe, na akiujua, huwezi kulalamika. Anakata hatua moja, anaruka tatu au nne, anakata nyingine, mpaka mwisho. Halafu anageuza nguo na kuvuta uzi wa upande wa pili, unatoka mrefu kama tambi. Wa kuogopa ni yule anayeingiza wembe kati ya vitambaa viwili na kuuteremsha fyuu huku akiangalia mpira. Huyo ndiye anayegeuza kufumuka kuwa kuchanika, kisha anakutoza vyote viwili.

Kuchanika kwenyewe kuna saini yake. Ukishuka matatu iliyokuwa na msumari umechungulia kwenye kiti, angalia tundu: lina umbo la 7. Kitambaa kimefumwa kwa nyuzi za mtande, za urefu, na za mshindio, za upana, zinazokatana kama grili ya dirisha. Msumari ukinasa, nguvu zote zinaangukia uzi mmoja. Ukikatika, zinahamia wa jirani, halafu wa jirani, mpaka ukigeuza kiuno zianze kufuata upande wa pili. Tayari, 7. Ni sababu hiyo hiyo inayomfanya muuza vitambaa wa Biashara Street akate kidogo tu kwa mkasi, ashike kwa mikono miwili, krrrr, na pamba itoke imenyooka kuliko ya mkasi. Kwake kuchana ni ufundi, kwako ni hasara.

Kutengeneza hiyo 7, usikubali ishonwe kwa kukusanya kingo pamoja, maana itakunjamana na goti litaonekana limekasirika. Nyuzi zilizotokeza zisikatwe kwanza. Nguo ipigwe pasi kingo zikutane, halafu kiraka kiwekwe kwa ndani, kimezidi tundu sentimita 2 kila upande, na nyuzi zake zielekee sawa na za nguo. Kama fundi ana kile kitambaa chenye gundi wanachoweka kwenye kola, kipigwe pasi kwanza, kishike. Kisha cherehani ipite mbele na nyuma juu ya mchaniko, mistari imesongamana. Zile cherehani nyeusi za kukanyaga hushona mstari ulionyooka tu, kwa hiyo usimdai zigizaga mtu ambaye mashine yake haiijui.

Na Gikomba kuna jaketi zenye vijimraba vidogo kwenye kitambaa, muuzaji anaapa, "Hii haichaniki, kastama, hata simba akivuta." Inachanika. Kila baada ya milimita chache wamefuma uzi mnene, ndiyo vile vijimraba, na mchaniko ukifika hapo unakwama badala ya kukimbia. Kitambaa cha mahema na maparashuti ni cha namna hiyo. Hatua kumi kutoka hapo unakuta jini zilizochanwa kiwandani makusudi, na zinauzwa ghali kuliko nzima! Uzi wa bluu wa mtande umekatwa gotini, ule mweupe wa mshindio umeachwa ukining'inia kama nyavu. Basi nunua, si pesa ni zako? Ila ukiiacha kwa shosho, nyanya yako, wikendi moja utaikuta imetiwa kiraka, na unadaiwa shukrani.

Kwenye mbao afadhali kidogo, kwa kuwa maseremala wamebaki na Kiswahili chao: kukata ni kwa upana, kupasua ni kwa urefu, kufuata nyuzi. Misumeno yake si mmoja. Wa kupasulia una meno makubwa, kama 4 mpaka 7 kwa inchi, yaliyonolewa mraba kama patasi ndogo ndogo, yanabandua mti. Wa kukatia una meno madogo mengi, yamenolewa mshazari kama visu. Ukipasua kwa ule wa kukatia utasaga unga mpaka jua lizame, meno yameziba na mkono umekufa. Na mbao mbichi inajifunga nyuma ya msumeno, ndiyo maana wanachomeka kabari kwenye mpasuko. Kwenye mashine ya duara, mbao ikijifunga inaweza kurushwa kinyume imfuate aliyeshika, kwa hiyo usisimame nyuma yake ukipiga soga. Halafu kuna ugomvi wa kila siku: mtu anapeleka mbao ya inchi 4 kwa 2 ipasuliwe katikati, anapima, anakuta hazifiki 2 kwa 2, analia amelanguliwa. Ndugu yangu, msumeno nao unakula. Milimita 3 hivi zimegeuka pumba, na hizo pumba zipo chini hapo, zikusanye ukitaka.

Lakini mahali neno hili limevuka mpaka ni kwa wachapishaji wa mabango. Ile mashine kubwa haielewi picha. Katikati kuna programu inayoisaga picha kuwa vitone vya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na ufupisho wa jina la programu hiyo, raster image processor, wallahi, ni RIP. Kwa hiyo familia imetuma bango la msiba, gari linaondoka saa nane usiku, na kijana wa mashine anatoka nje uso umemshuka: "Mkubwa, RIP imekataa." Mjomba anauliza imekataa vipi na mtu ameshafariki?

Ukweli ni kwamba mara nyingi kosa liko kwenye faili. Fonti haikufungwa ndani ya PDF, programu inaweka nyingine inayoijua, na jina la marehemu linatoka kwa vimraba au kwa mwandiko wa kadi ya harusi. Dawa ni kugeuza maandishi yote kuwa michoro kabla ya kutuma. Bluu iliyokuwa inang'aa kwenye simu inatoka imefifia au ya zambarau, kwa sababu skrini huchanganya mwanga na mashine huchanganya wino. Na picha, jamani, picha! Imepita makundi sita ya WhatsApp, kila kundi limeikamua. Pikseli 1,000 ukizitandaza kwenye mita 1 ya bango unapata vitone 25 tu kwa inchi, na bango la kutazamwa kwa mbali kidogo linataka 72 mpaka 150. Ndiyo maana mzee anaonekana kama amejengwa kwa matofali. Atakayetuma, atume faili yenyewe kama hati, si kama picha.

Kwenye muziki nako hawakuacha. Kutoa nyimbo kwenye CD kuziingiza kwenye kompyuta ni kurip, kuzirudisha kwenye CD nyingine ni kuchoma. Sahani inararuliwa kisha inachomwa, halafu bado inaimba. Dakika moja ya sauti ambayo haijakamuliwa ni kama megabaiti 10, na ikiwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inabaki 1. CD ikirukaruka, ifute kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kwa kuwa data imejipanga kwa mzunguko, na mkwaruzo unaofuata njia yake ndio unaoiua. Mkwaruzo wa juu kwenye lebo ni mbaya kuliko wa chini, kwani tabaka lenye muziki liko pale chini ya lebo. Watu wa mitandao ya kompyuta wana RIP nyingine, itifaki ya kuelekeza data, inayohesabu vituo mpaka 15. Cha 16 inakihesabu hakifikiki kabisa, sawa na makanga aliyeamua kugeuzia njiani.

Ya bahari ni ya kushika, maana Desemba ikifika Nairobi nzima inahamia Mombasa. Rip ni mkondo wa maji unaorudi baharini kwa kasi, mara nyingi kupitia pengo la mwamba au la fungu la mchanga. Haukuzamishi chini, unakupeleka mbali, na anayezama ni yule aliyeshindana nao mpaka akachoka. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke, ndipo urudi. Ukishindwa, elea na uinue mkono.

Ndiyo, nasikia mtu wa Kiswahili sanifu anacheka huko nyuma. Cheka pole pole. Sisi wenyewe tuna kuchana. Nywele tunazichana na zinapendeza, karatasi tunaichana na imeharibika. Ukindu unachanwa kabla ya kusukwa mkeka. Msanii wa rapu akichana, anashangiliwa, lakini bosi akikuchana mbele ya watu, hushangiliwi. Chana la ndizi nalo linakaa sokoni halijamkosea mtu. Na kutatua je? Nguo ikitatuka imeraruka, tatizo likitatuliwa limekwisha, kwa hiyo diwani akiahidi kutatua barabara ya mtaa, pengine hadanganyi.

Kwa hiyo suruali ipeleke tu. Sema imefumuka, onyesha kwa kidole, taja mistari miwili. Jumamosi ukienda kuichukua uikute juu ya rundo na kikaratasi kimebanwa kwa pini, kimeandikwa RIP kwa kalamu nyekundu, usianze kulia. Muulize fundi kwanza ni ipi.