Milango miwili, mama mkwe mmoja

Ukitamka "kupe", yaani "coupe" ya Kiingereza, mbele ya mfugaji atakuuliza unaogeshea dawa gani. Basi tuseme gari la milango miwili, la mtumba, kutoka Japani. Kwa mtu wa Dar mwenye mke, mtoto mmoja na safari ya nyumbani kila Desemba, ambaye bado anataka gari la kumchangamsha, ubishi mara nyingi huwa kati ya Toyota 86, BMW 420i na Mercedes C180.

Kwa raha ya kuendesha, sioni ubishi. 86 ilitoka 2012, kazi ya pamoja ya Toyota na Subaru: injini ya lita 2 yenye silinda zilizolala, haina tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), inasukuma tairi za nyuma, na uzito wake ni kilo 1,200 na ushee tu. Panda nayo kutoka Mombo kwenda Lushoto, zile kona za kupitia Soni, na mikono yako itajua tairi linakanyaga nini. Ina udhaifu wake. Kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 hivi kwa dakika injini husinzia kidogo kabla ya kuamka, na ukitaka kulipita fuso mlimani usingizi huo utauona mrefu. 420i ina tabo, ukigusa mafuta inaondoka, ila usukani wake ni msiri, haukuambii tairi linakanyaga nini. C180 yenye injini ya lita 1.6 ni gari la mtu asiye na haraka: ukishafunga mlango, kimkono kinatokea ubavuni kukusogezea mkanda, na foleni ya Bagamoyo Road inakuwa sebule.

Sasa siti ya nyuma. Siku niliyokwenda yadi kuiangalia 86 nilikuwa na mama mkwe, tunatoka hospitali. Akasema aingie nyuma aone tu. Akaingia, magoti yakamfika kifuani, kanga ikanasa kwenye reli ya siti, na kumtoa ikabidi niite mtoto wa yadi amshike mkono, maana mimi nilishindwa pa kuangalia. Akajipangusa, akasema, "Gari zuri, baba. La kwako peke yako."

Kwenye 420i iliyokuwa pembeni aliingia na kutoka mwenyewe. Nyuma kuna siti mbili za watu wazima, na buti ni lita 445. Ya 86 haifiki hata 250. Kesi ingeishia hapo, lakini milango ya namna hii ni mirefu. Paki Kariakoo katikati ya Noah mbili uone utatokea wapi.

Na kuna jambo ambalo wapenzi wa BMW hulipita harakaharaka: tairi. 420i za M Sport, toleo la kimichezo, zenye rimu za inchi 18 kwa kawaida huvaa 225/45 mbele na 255/40 nyuma (upana kwa milimita, kisha kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo), za aina inayotembea hata ikiisha upepo, na gari halibebi spea. Huwezi kuhamisha za mbele kwenda nyuma. Likipasuka ubavu usiku kati ya Dodoma na Singida, hutapata saizi hiyo kwa fundi wa pancha. 86 ya daraja la G huvaa 205/55 za inchi 16, saizi inayouzwa kila mahali, na ubavu wake una milimita 113 za mpira dhidi ya 101 za BMW kule mbele. Tofauti hiyo ndogo utaisikia mgongoni kwenye kila rasta. Isitoshe, siti ya nyuma ya 86 hulala yote kwa mkupuo, na nafasi inayobaki inameza tairi nne. Kwa mizigo, kigari hiki kinasingiziwa.

Gereji nako hakuna mtakatifu. 420i za mwanzo, kabla ya 2016, zina injini ya N20 ambayo miongozo ya plastiki ya cheni yake ya taimingi, ile inayopangia valvu zamu, huchakaa. Cheni ikiruka, injini imekufa. Kubadili plagi kwenye 86 ni kazi ya fundi mwenye mikono myembamba na subira, na za 2012 na 2013 ziliwahi kuitwa kiwandani kwa ajili ya springi za valvu. Pia usiinunue bila kuisoma karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoeleza hali ya gari. Herufi R maana yake iligongwa ikanyooshwa, na 86 ni gari ambalo vijana wengi wa Japani hulitelezesha kwa makusudi.

Kama nyumbani tayari kuna gari jingine, ningechukua 86 G bila kupepesa macho. Likiwa ndilo la pekee, ningechukua 420i ya kuanzia 2016 yenye injini ya B48, nikaivua zile tairi, nikaivisha nne za saizi moja, na ya tano nikaiweka kwenye buti. Lita 445 zitapungua. Magoti ya mama mkwe yatabaki yalipo.