Jiji lisiloweza kufiwa na wote kwa siku moja

Tarehe 3 Juni 1962 ndege ya Air France ilishindwa kuruka katika uwanja wa Orly, Paris, ikawaka moto na kuua watu 130. Zaidi ya 100 kati yao walikuwa wapenzi na wafadhili wa sanaa kutoka Atlanta, Marekani, waliokuwa wakirejea kutoka ziara ya Ulaya. Msiba huo hutajwa mara nyingi inaposimuliwa asili ya Leadership Atlanta, programu iliyoanzishwa mwaka 1969 kuandaa viongozi wa biashara na wa jamii. Philadelphia ilitangulia kuwa na programu ya aina hiyo mwaka 1959, na leo miji mingi ya Marekani inazo.

Wakosoaji huziita klabu za wenye nacho, mahali pa kubadilishana kadi za biashara kwa gharama ya mwajiri. Kiongozi wa kweli, wanasema, hulelewa na chama cha wafanyakazi, kanisa au jumuiya ya mtaa, kama Saul Alinsky, mhamasishaji wa jumuiya za mitaa, alivyojaribu kuonyesha Chicago tangu mwaka 1939. Historia ya Atlanta yenyewe inawaunga mkono: Maynard Jackson, aliyechaguliwa mwaka 1973 kuwa meya wa kwanza Mweusi wa jiji hilo, alikuwa mhitimu wa Morehouse, chuo kilichokuwa kimewalea viongozi Weusi kwa miongo mingi kabla ya programu hiyo kuwapo.

Hata hivyo, nadhani msiba wa Orly husomwa kijuujuu. Husemwa kwamba jiji lilipoteza viongozi wake, hivyo likalazimika kutafuta wengine. Swali zito zaidi ni hili: iliwezekanaje ndege moja ibebe sehemu kubwa hivyo ya watu ambao jiji liliwategemea? Mwanasosholojia Floyd Hunter alikuwa ameeleza tangu mwaka 1953 jinsi maamuzi makubwa ya Atlanta yalivyofanywa na kundi dogo la watu, wengi wao wafanyabiashara, waliofahamiana vizuri. Ajali haikuuumba udhaifu huo, iliuanika. Na wakati huohuo, katika makanisa na biashara za Auburn Avenue, barabara kuu ya jamii ya Weusi wa Atlanta, kulikuwa na viongozi ambao kundi hilo liliwakumbuka hasa palipokuwa na mgogoro wa kusuluhisha.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya programu hizi, nayo haimo katika mihadhara, ambayo aghalabu huchosha. Kwa kawaida washiriki huanza kwa siku chache za kukaa pamoja faraghani, kisha hukutana siku moja kila mwezi: mwezi huu mahakama, mwezi ujao shule, kisha hospitali. Siku ya usalama meneja wa benki anaweza kujikuta katika gari la doria usiku, akimtazama askari akisubiri saa nzima hospitalini na mgonjwa wa akili ambaye hakuna mahali pengine pa kumpeleka. Miaka mitano baadaye, bodi anayoketi ikijadili kufunga kliniki, meneja huyo atajua nani wa kumpigia simu kabla ya kupiga kura, na huenda mtu huyo ni mchungaji au mwalimu ambaye asingekutana naye kwa njia nyingine yoyote.

Doa kubwa liko kwenye mlango wa kuingilia. Anayelipwa kwa saa hawezi kuacha kazi siku moja kila mwezi, hata ada ikifutwa, kwa hiyo mteuzi halisi anabaki kuwa mwajiri mwenye uwezo wa kutoa ruhusa. Mduara unapanuka, lakini kwa wale waliokwisha kuukaribia. Programu inayotaka kukwepa lawama hiyo ingefidia ujira wa siku hizo na kuvipa vyama vya wafanyakazi na jumuiya za mitaa haki ya kupendekeza sehemu ya washiriki, hata kama kampuni zinazofadhili zitanung'unika kwamba nafasi zao zimepunguzwa.